Daktari wa Chumvi

Mtaa wa Alma, Uingereza
11 Februari 1973

Kwako mjomba wangu Bwanaheri,

Shikamoo mjomba. Natumai barua hii itakukuta Saadani, na kama umeshuka Bagamoyo mwisho wa mwezi, basi Bi Ashatu, mkeo, atakuwekea. Mimi sijambo, ila baridi. Theluji imeganda barabarani siku ya nane leo, nami nimejifunza kutembea kama bata. Nisalimie mama sana. Bi Ashatu umwambie ule ubani alionitumia nauchoma kidogo kidogo, maana siku ya kwanza mwenye nyumba alidhani kunaungua akapanda ngazi na ndoo ya maji.

Ile hesabu niliyokuwa nikiihangaikia tangu mwaka juzi imetoka. Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini hasa huku, na kila mara nimekujibu kwa mkato. Leo nitajaribu vizuri, kwa kuwa wewe ni mtu wa chumvi.

Ungeweza kuitazama punje moja ya chumvi yako ndani kabisa, ungeona chembe zimepangwa safu safu, moja ya aina hii, inayofuata ya aina ile. Lakini mara nyingine chembe moja inakosekana, panabaki pengo. Ndani ya pengo hilo huingia elektroni, kitu kidogo mno chenye umeme, ikakaa humo kama mpangaji. Mwanga ukiipiga, inaruka juu kama mtu aliyegutushwa usingizini. Baadaye inashuka na kutoa mwanga wake yenyewe, dhaifu kuliko ule ulioipiga. Chumvi yenye mapengo mengi ya namna hiyo huwa ya manjano. Kazi yangu ni kukokotoa elektroni inaruka kiasi gani, na ikishuka inatoa mwanga gani. Chumvi yenyewe siishiki. Natoboa kadi kwa mashine, kadi mia sita, nazipeleka dirishani kwenye chumba cha kompyuta, na kesho yake napewa karatasi za majibu.

Jibu langu limekuwa sawasawa na walilopima watu wa maabara. Msimamizi wangu, Dakta Whitlow, amelisoma mbele ya mkutano wa wanafizikia, na karibuni litachapwa katika jarida, jina langu likitangulia: Z. Msabaha. Mungu akipenda nitakabidhi tasnifu Septemba, na nikifaulu nitaitwa daktari.

Jambo moja. Katika barua ya Januari uliniandikia habari za watu wote, hata mbuzi wa jirani, ila mama ulimpa mstari mmoja tu. Hajambo kweli?

Mpwa wako,
Zuleha


Saadani
20 Machi 1973

Kwa mwanangu Zuleha,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenifikia wiki mbili zilizopita kwa lori la chumvi, ina alama ya kidole cha grisi, lakini inasomeka. Sisi wazima. Mvua imetangulia mwaka huu. Majaruba kumi na mawili, yale ya kukaushia maji ya bahari, yamejaa maji ya mvua, na chumvi iliyokuwa karibu kukomaa imeyeyuka yote. Vibarua wamekaa wiki nzima hawana la kufanya. Juzi tulikuta nyayo za simba kwenye matope ya jaruba la mwisho, amepita taratibu kama mkaguzi. Ashatu amecheka sana habari ya ndoo.

Habari ya mapengo nimeisoma mara tatu. Sisemi nimeelewa yote. Niliweka punje kiganjani nikaitazama mpaka mnyapara akaniuliza kama naumwa macho. Hapa chumvi ya manjano tunaitupa, tunasema ina udongo. Sasa nitaitazama kwa adabu.

Mama yako yupo. Anasali, anasuka ukili wake. Amepungua mwili kidogo, lakini na umri nao. Niliposhuka Bagamoyo nikamwambia Septemba, alifurahi mno. Akaniuliza mara mbili kama Septemba ndiyo unakuwa daktari au ndiyo unarudi, nikamwambia yote mawili yako karibu. Watu wa mtaani nao wamekwisha kukuita daktari. Tabia, jirani yenu, kila akipita barazani huuliza siku.

Ukiweza kurudi kabla ya Ramadhani, rudi. Usiniulize sababu. Mama kumtamani mwanawe hakuhitaji sababu.

Mjomba wako,
Bwanaheri


Mtaa wa Alma, Uingereza
2 Juni 1973

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe, barua yako ina karibu miezi miwili mezani kwangu. Pole kwa majaruba, natumai jua limewarudishia kazi. Hapa nalo limetoka, na watu wanalala kwenye nyasi mchana kutwa wakiligeuzia mgongo na tumbo kama samaki wa kuanikwa. Binti wa mwenye nyumba ameolewa, nami nilialikwa.

Kazi inaendelea. Kuna sehemu narudia. Dakta Whitlow amekwenda Marekani, anaandika kwamba nikazane na tasnifu nisigeuke nyuma. Ndivyo nifanyavyo, ukurasa kwa ukurasa. Jarida limetoka. Nakala nilikuahidi moyoni, lakini kwa sasa sikutumii.

Kurudi kabla ya Ramadhani siwezi. Tiketi yangu hutolewa nikimaliza, kabla ya hapo hapana. Umesema nisikuulize sababu, nami sikuulizi. Muulize mama mwenyewe ana nini, na uniandikie kwa maneno yake, usiyapambe.

Zuleha


Bagamoyo
14 Julai 1973

Mwanangu Zuleha,

Marahaba. Leo nakuandikia nyumbani kwenu, kwenye meza ya mama yako. Yeye ametoka, amekwenda kwa Tabia kumtazama mtoto. Salamu za watu wote unazo. Nisipowataja mmoja mmoja usidhani wamekusahau.

Mama yako ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Ashatu aliugundua mwezi wa Januari alipokuwa akimsugua mgongo. Wakati ule ulikuwa kama kunde. Sasa ni kama ndimu, na ngozi ya juu imevutwa ndani. Nilimwambia twende hospitali ya hapa, akakataa. Nikamwambia twende Dar es Salaam, akakataa. Bi Chausiku, muuguzi aliyekua naye mtaa mmoja, alikuja mpaka chumbani akamsihi. Jibu lake ni lile lile: "Nina daktari wangu, nimemzaa mwenyewe. Sitamvulia nguo mwanamume nisiyemjua na mwanangu yuko njiani."

Sasa nakuambia kosa langu. Mwaka ule nilipoleta barua ya serikali kwamba umechaguliwa kwenda ng'ambo, mama yako alikataa kabisa. Alisema msichana hapelekwi nchi za watu kusoma habari za umeme. Nilikaa naye siku mbili nikishindwa. Siku ya tatu nikamwambia unakwenda kusomea udaktari, udaktari wa wanawake. Akakubali papo hapo, akaanza kukushonea nguo. Nilidhani uongo ule ni wa kukuvusha mlangoni tu. Nilijua ukirudi na cheo chako utaitwa daktari hivyo hivyo, na hakuna atakayedhurika kwa neno moja.

Miaka minne sikupata siku ya kulirudisha. Januari niliipata nikaiogopa. Machi nikakuandikia usiniulize.

Nifanye nini, Zuleha? Nikimwambia leo, ataniuliza ni mangapi mengine niliyomdanganya, na dada yangu ninaye mmoja tu. Namsikia anavua viatu barazani. Naishia hapa.

Bwanaheri


Mtaa wa Alma, Uingereza
5 Agosti 1973

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Salamu nyingine nitaandika siku nyingine.

Nilijua. Nakuambia hili kwanza ili usidhani uko peke yako. Siku ya kuondoka mama alinishika mkono akaniingiza chumbani, akanionyesha goti lake, akasema likimsumbua uzeeni nitalitazama mimi. Nikamjibu, "Inshallah." Nilifahamu pale pale umemwambia nini. Nikanyamaza, kwa kuwa gari lilikuwa nje na nilitaka kwenda. Katika kila barua iliyofuata nimenyamaza tena.

Kuna na jingine, na hili halikuhusu wewe. Jibu langu la Februari si sahihi. Mwezi wa Aprili nilipokuwa nikipanga upya kadi zangu, nilikuta moja imetobolewa mara mbili na nakala zote mbili zimo. Kwa hiyo mvuto wa chembe za jirani umehesabiwa maradufu. Nilipoitoa ile ya ziada na kupeleka kazi upya, jibu likaenda mbali kabisa na vipimo. Lilikuwa limelingana kwa bahati, na kwa kuwa lililingana, hakuna aliyelichunguza, hata mimi. Nilimwandikia Dakta Whitlow huko Marekani. Akanijibu tasnifu ikabidhiwe kama ilivyo, masahihisho yatafuata nikiwa nimekwisha kupata cheo. Miezi mitatu nimeandika kurasa juu ya hesabu ninayojua ni mbovu, nikijiambia mama anasubiri daktari. Sikujua anasubiri hivyo.

Dakta Whitlow amerudi. Jana nilimfuata nikamwambia sikabidhi, na kwamba nitawaandikia wenye jarida waiondoe ile makala. Akaniuliza kama najua ataonekanaje mbele ya wenzake. Nikamwambia najua. Akasema ufadhili wangu unakwisha mwezi ujao na hawezi kuniahidi kitu. Barua ya jarida inatoka na posta moja na hii.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine, ni ya mama. Nimemweleza kwamba mimi si daktari wa watu, kwamba hata jipu siwezi kulitibu, na kwamba nilijua anavyodhani. Nimemsihi aende Dar es Salaam na Bi Ashatu, aombe daktari mwanamke, na asipokuwapo amkubali aliyepo. Naituma Saadani kama kawaida, kwa sababu barua ikifika Bagamoyo husomwa na baraza zima. Shuka nayo siku hiyo hiyo, umsomee wewe. Usipunguze neno, na usingoje nirudi.

Zuleha


Dar es Salaam
24 Oktoba 1973

Mwanangu Zuleha,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Ashatu yuko ndani na mama yako. Anakusalimu, na Tabia anakusalimu, amemletea mama yako uji kutoka Bagamoyo ndani ya chupa ya chai.

Mama yako amepasuliwa wiki iliyopita. Titi wameliondoa lote. Mkono wa kushoto umevimba, lakini anazungumza. Daktari ni mwanamke wa Kihindi mwenye sauti ndogo. Alinivuta pembeni akaniambia ugonjwa umeshaingia kwapani, na anahofia kifua. Akaniuliza tulikuwa wapi siku zote hizi. Akasema tungefika miezi miwili kabla, angekuwa na maneno mengine ya kuniambia.

Barua yako ya Agosti ilinifikia tarehe ishirini na moja ya mwezi ule ule. Niliitia ndani ya sanduku la daftari za zamu, nikajiambia nitashuka nayo mwisho wa mwezi. Nikashuka nayo. Nikamkuta mama yako barazani anacheka na Tabia, nikarudi nayo Saadani mfukoni. Septemba hivyo hivyo. Telegramu yako ya kuuliza nikaijibu kwa neno moja, ANAENDELEA, na wewe ukafikiri ni matibabu. Kisha katikati ya Ramadhani Ashatu akaniletea habari kwamba uvimbe umepasuka unatoa maji. Ndipo nikashuka nikamsomea.

Nilisoma yote isipokuwa tarehe. Alikuwa amekaa mkekani na ukili wake mkononi, hakuacha kusuka mpaka nilipomaliza. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu anasoma nini?" Nikamweleza mapengo ya chumvi, kama ulivyonieleza. Akaniuliza kama hiyo ni kazi ya haramu. Nikamwambia hapana.

Akasema, "Basi mlikuwa mnaficha nini?"

Kulipokucha alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga, anangoja gari.

Ashatu anajua barua imefika Oktoba. Mama yako anajua hivyo hivyo. Ukweli nimekuambia wewe tu, na hata sijui kwa nini nimekuambia. Kama iko njia ya kuja, njoo.

Bwanaheri


Bagamoyo
22 Januari 1974

Mjomba Bwanaheri,

Shikamoo. Barua hii utaletewa na dereva wa lori. Bi Ashatu hajambo, anahangaika na wageni wa matanga ya mama ambao bado wanakuja, wengine kutoka Miono kwa miguu. Wote wanakuulizia. Tunawaambia umeitwa kazini, kama ulivyotuambia wewe siku ya tatu ulipoondoka.

Mimi nasafiri Jumapili. Wakuu wa idara wamenipa muda mpaka Juni. Dakta Whitlow, ambaye baada ya makala kuondolewa hakunisemesha miezi miwili, ndiye aliyeniombea muda huo na tiketi ya kuja kumuuguza mama. Hakuniambia kwa nini. Jibu jipya bado halilingani na vipimo. Naona sasa kwamba elektroni ikisharuka, chembe za jirani nazo husogea zikaipa nafasi, nami katika hesabu zangu nilikuwa nimezizuia zisiondoke mahali pake. Kurekebisha hilo ni kazi ya mwaka mzima, nami nina miezi mitano.

Nilipata siku thelathini na mbili na mama. Katika siku zote hizo mimi na wewe tulipokezana kumgeuza, tukaulizana kama amekunywa maji, basi. Siku ya kumzika, wanaume mliporudi kutoka makaburini, ulinipita mlangoni ukiangalia chini. Ndiyo maana nakuandikia ingawa uko safari ya siku moja tu.

Mama hakunigombeza. Siku niliyofika aliniambia nikae upande wa kulia kwa sababu wa kushoto unauma. Wiki ya pili alitaka nimweleze kazi yangu mwenyewe, kwa kuwa alisema wewe ulieleza kama mtu anayesoma risiti. Nikamweleza. Akauliza elektroni ikishakuwa juu inajuaje wakati wa kushuka. Nikamwambia haijui, na sisi hatuwezi kusema ipi itashuka lini, twajua tu kwa nyingi zikiwa pamoja.

"Kwa hiyo hata nyinyi mnakisia," akasema.

Nikamwambia ndiyo, tunakisia kwa hesabu. Alionekana kuridhika, akalala kidogo.

Siku nyingine, Bi Ashatu akiwa jikoni, alisema bila mimi kumuuliza, "Mngeniambia kweli, ningekukatalia usiende." Kisha baada ya muda akasema, "Lakini ulipokwisha kwenda, mngeniambia." Nikampangusa uso.

Sasa habari ya jana. Asubuhi Tabia alikuja na mwanawe, sikio moja linatoa usaha. Wanawake wanne walikuwa barazani. Alinipakatisha mtoto akaniambia nimtazame, akaniita daktari. Kumbe mama hakuwaambia watu. Labda aliona haya ya mtu aliyedanganywa, labda alitaka niseme mwenyewe. Nikasema mbele yao wote kwamba mimi si daktari wa watu na sijapata kuwa, kwamba nasoma mambo yaliyo ndani ya punje ya chumvi. Nikaeleza mpaka mwisho, bila kukata, mtoto akinililia mapajani. Hawakucheka. Mmoja aliuliza yana faida gani, nikamjibu kwamba bado sijui. Kisha nikambeba mtoto, tukaenda na Tabia hospitali kwa Bi Chausiku, akamsafisha sikio na kumpa dawa.

Tulipokuwa tukirudi, Tabia alitembea na mtoto begani mpaka karibu na soko. Halafu akaniuliza, "Mama yako alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Barua yangu ilifika Oktoba."

Akamhamisha mtoto bega la pili. "Barua za ng'ambo huchelewa," akasema.

Nikasema, huchelewa.

Ndivyo nilivyosema, mjomba, kwa kinywa changu, saa moja tu baada ya kuwaambia wanawake wale kweli barazani. Bi Ashatu akiniuliza nitamjibu vile vile, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi nawe na sitaki alale kila siku karibu na jambo hili. Mimi ninalijua, nawe unalijua, na litakwenda nami Uingereza. Usinishukuru. Usiniandikie chochote juu yake. Mambo mengine yote niandikie.

Mpwa wako,
Zuleha